Kabla ya Kuing'oa Dinamo

Magari makuukuu hayajatoweka katika jiji la Mbarara. Hapa Kamukuzi, kilima cha ofisi za serikali na cha ikulu ya kale ya wafalme wa Ankole, baba yangu mdogo, askari polisi mstaafu, angali na Land Rover yake ya mwaka 1965. Mchana haina ila. Jioni moja ya mvua, tukirudi kutoka Nakivale na magunia ya maharagwe, taa zilififia kila tulipopunguza mwendo, mpaka injini ikazimika gizani, watoto wamelala nyuma.

Ila hiyo ni ya dinamo yenyewe. Injini ikizunguka polepole, dinamo haichaji. Taa na waipa hula akiba ya betri. Hata kwa mwendo wa kasi, dinamo ya Lucas C40 haizidi ampea 22. Alteneta ya Lucas 17ACR hutoa 36, nayo huchaji hata injini ikinguruma taratibu.

Basi ikanunuliwa alteneta iliyokwisha kutumika, na hapo ndipo tulipokosea. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 ziliunganishwa kinyume cha magari ya leo: upande wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Ndani ya alteneta mna dayodi, yaani vijilango vipitishavyo umeme upande mmoja tu. Fundi wetu, kijana hodari lakini aliyezaliwa miaka mingi baada ya gari lile, hakuliuliza jambo hilo. Alipoiunganisha betri, dayodi ziliungua papo hapo, na fedha ya karo ikaondoka na moshi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kumlipa fundi, fungua boneti uangalie mwenyewe. Ikiwa chanya ndiyo iliyo kwenye bodi, betri haina budi kugeuzwa, na nyaya za koili na za ammita zibadilishane ncha. Sanduku la kudhibiti chaji liondolewe, maana alteneta hii ina kidhibiti chake ndani. Waya wa kuchajia utiwe mnene. Taa nyekundu ya chaji nayo isidharauliwe: umeme upitao katika balbu ile ndio uiamshao alteneta.

Wako mafundi wapendao kupima chaji kwa kung'oa waya wa betri injini ikinguruma. Dinamo ilivumilia mchezo huo, alteneta haiuvumilii.

Alteneta ya pili ilifungwa mwezi uliofuata. Dinamo baba mdogo hakuiuza. Ameiviringisha katika gunia chini ya kitanda, na mama mdogo hunung'unika kila afagiapo.