Homa Ugenini: Malaria Anayoondoka Nayo Msafiri Aliye Peke Yake

Tuchukulie kijana wa Kewanja, kijiji cha Tarime kilicho jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, amefunga safari kwenda Dar es Salaam kununua vipuri. Amefikia nyumba ya wageni, hana ndugu mjini. Usiku wa nne anatetemeka kwa baridi, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma. Anajiambia kuwa ni uchovu wa basi, anameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kujifunika shuka. Asubuhi mhudumu anagonga mlango. Mgeni anajibu maneno yasiyoeleweka. Je, amelewa, au ni mgonjwa mahututi?

Swali hilo si dogo. Malaria inayosababishwa na kimelea aina ya falsiparamu, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi nchini, isipotibiwa huweza kuwa kali na kuua katika muda wa saa 24 tu. Nyumbani, mama au jirani hutambua mapema kwamba mtu amebadilika. Ugenini hakuna wa kutambua, na kuchanganyikiwa ni miongoni mwa dalili ambazo mgonjwa mwenyewe hawezi kuzieleza.

Kwa nini homa imtokee mjini ilhali aliumwa na mbu kijijini? Mbu jike wa Anofelesi anapomuuma mtu, vimelea huingia kwanza katika ini, vikazaliana humo kwa siku kadhaa bila dalili yoyote, kisha hutoka na kushambulia chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo homa huanza. Kwa kawaida muda huo ni siku 10 hadi 15, na unaweza kuwa kati ya siku 7 na 30. Msafiri huyu basi alipanda gari akiwa mzima wa kuonekana, kumbe amebeba vimelea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mkoani Mara watoto 15 kati ya 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na vimelea, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 8.

Ndiyo maana tunawasihi watoa huduma wa mijini, ambako malaria ni chache, wamuulize kila mwenye homa: "Ndugu, umetoka wapi, na lini?" Jibu la swali hilo hubadilisha uchunguzi wote. Hata hivyo, si kila homa ya msafiri ni malaria. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Nimonia, homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta homa. Kabla ya kupimwa, msafiri aepuke aspirini na ibuprofeni, kwani zikikutana na dengi huongeza hatari ya kutokwa na damu. Parasetamo kwa kipimo sahihi ni salama zaidi, lakini hushusha homa tu, haiui vimelea.

Kipimo kikithibitisha malaria isiyo kali, tiba ya kawaida ni dawa mseto ya ALu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3, jumla vidonge 24. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, na zinazobaki kila baada ya saa 12. Zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, au walau chai ya maziwa, ili dawa inyonywe vizuri mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo. Asiache dawa siku ya pili kwa sababu tu amepata nafuu. Mjamzito amweleze mtoa huduma hali yake kabla ya kupewa dawa.

Dalili za hatari ni hizi: kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kukaa, degedege, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, macho kuwa ya manjano, na mkojo kuwa mweusi au kupungua sana. Yeyote mwenye mojawapo apelekwe hospitali mara moja. Huko huanzishiwa sindano ya atesuneti, ikarudiwa baada ya saa 12 na 24, na hupimwa sukari ya damu, kwa kuwa kushuka kwa sukari peke yake kunaweza kumpoteza fahamu. Akiweza kumeza, hukamilisha kwa dozi kamili ya dawa mseto.

Kupona nako kuna utaratibu wake. Homa huisha kwa siku 2 au 3, lakini uchovu huweza kudumu wiki kadhaa. Aliyetibiwa kwa atesuneti apimwe wingi wa damu katika wiki 4 zinazofuata, kwani baadhi hupungukiwa damu baadaye. Asianze safari ndefu ya kurudi Tarime kabla hajaweza kula, kunywa na kutembea bila kizunguzungu, na aondoke na karatasi ya matibabu. Homa ikirudi, mtoa huduma wa kijijini akumbuke kuwa kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hadubini ndiyo itakayotoa jibu.

Kwa msafiri, maandalizi ni mepesi. Andika kwenye karatasi majina na namba za simu za watu wawili, pamoja na dawa unazotumia, uiweke mfukoni, maana simu iliyofungwa kwa namba ya siri haitamsaidia anayekuokoa. Ukijisikia vibaya, mwambie mhudumu wa nyumba ya wageni siku hiyo hiyo na umwombe agonge mlango wako asubuhi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tunawaambia wahudumu wa nyumba za wageni, makondakta na walinzi: mgeni anayeongea ovyo asihukumiwe kuwa mlevi kabla hajaguswa paji la uso na kufikishwa kwenye kipimo.