Wimbi Moja, Mitumbwi Mitatu

Sogeeni, wajukuu zangu, mkeka unatutosha sote.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua ilimwagika Bujumbura bila huruma. Maji na matope yakashuka kutoka milimani, yakazoa nyumba za mitaa ya Gatunguru, Kinama na Kamenge. Zaidi ya watu 60 wakafariki.

Sasa tuseme majirani watatu waliponea chupuchupu usiku huo. Mzee analia wiki nzima. Kijana anachimba matope huku akipiga soga. Mama yuko kimya, anakunja nguo zilizolowa, anazikunjua, anazikunja tena. Mwaka ukiisha, nani atakuwa bado anaruka kitandani kila mvua inapogonga mabati?

Nyote mmesema mzee! Kumbe siye. Machozi ya siku za mwanzo si kipimo. Watu wengi hushtuka, hukosa usingizi, kisha hutulia polepole wenyewe. Ndiyo maana waganga wa hospitali husubiri: dalili zikipita mwezi bila kulegea, ndipo hutaja ugonjwa wa kiwewe, ambao kwa Kirundi tunauita ihahamuka.

Basi ni nani? Mnawajua wavuvi wetu wa ndagala. Wimbi moja hupiga mitumbwi mitatu, ukazama mmoja. Upi? Ule uliopigwa ubavuni kwa nguvu zaidi. Au ule uliokuwa tayari na maji ndani. Au ule ambao mwenyewe yu peke yake, hana wa kumsaidia kuyachota.

Ni yule mama: yeye ndiye alikuwa na maji ndani. Vita ilipozuka mwaka 1993 alikuwa msichana wa Kamenge. Alikimbia risasi, akazika ndugu. Mafuriko yalimkuta na mzigo wa zamani, na mume hayupo.

Mwaka 2019 watafiti waliunganisha habari za watu zaidi ya 2,400 kutoka nchi 6, waliopatwa na ajali na mikasa mingine. Walichogundua ni hiki: ukimuuliza mtu mapema, dalili moja baada ya nyingine, juu ya ndoto mbaya, kushtuka na kukwepa mahali pa tukio, majibu yake hukuonyesha mengi kuhusu hatari yake ya kubaki na kiwewe. Aliyewahi kuumizwa na binadamu wenzake huwa hatarini zaidi. Hata hivyo hayo ni mawingu tu. Mawingu mengine hupita bila mvua.

Kwa hiyo msiwapime watu kwa machozi. Muulizeni jirani analalaje, hasa yule aliye kimya. Mwezi ukipita naye hajapata usingizi, mwambieni mtu mzima ampeleke kutibiwa. Hospitali ya magonjwa ya akili ipo hapohapo Kamenge.