Je, Wajua? Injini Kubwa Ndani ya Gari Dogo

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, mkoani Geita, Vitz au IST hugeuzwa pikapu: hubeba abiria, madumu ya dizeli, magunia ya unga na vipuri vya karasha, mashine ya kusagia mawe. Si ajabu mwenye gari akawaza kulitia injini yenye nguvu zaidi. Kabla hujampigia fundi, soma haya.

Mwinuko hula nguvu
Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Rwamgasa imeinuka zaidi ya hapo. Hewa ni nyepesi, hivyo injini isiyo na tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa) hupata oksijeni kidogo na hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam.

Vitz moja, injini tatu
Vitz ya kwanza iliingia sokoni Japani mwaka 1999 ikiwa na injini za cc 997 (1SZ-FE), cc 1,298 (2NZ-FE) na baadaye cc 1,496 (1NZ-FE). Hizi mbili za mwisho ni ndugu wa tumbo moja. Silinda za zote zina kipenyo cha milimita 75. Ila pistoni ya 2NZ husafiri milimita 73.5, na ya 1NZ milimita 84.7. Ndiyo maana IST ya cc 1,300 huipokea injini ya cc 1,500 bila kuchomelewa vyuma vipya. Ile ya cc 997 ni ya ukoo mwingine: ukiitoa, jiandae kubadili pia mauntingi, giaboksi na waya.

Ukubwa uleule, nguvu mbali kabisa
Starlet Glanza V, iliyoundwa kati ya 1996 na 1999, ina injini ya cc 1,331 na nguvu za farasi 135. Starlet ya kawaida ya wakati huo, yenye cc hizohizo, ilitoa 85. Tofauti kubwa ni tabo. Penye mwinuko kama wa Geita, kifaa hicho hufidia hewa iliyopungua.

Hata viwandani hutia injini yenye nguvu zaidi
Volkswagen Golf ilipotoka mwaka 1974, injini yake kubwa ilikuwa na nguvu za farasi 70. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya Frankfurt, ilionyeshwa Golf GTI yenye injini iliyotoka kwenye Audi 80 GTE, nguvu za farasi 110. Kampuni ilipanga kuunda magari 5,000. Toleo la kwanza pekee lilipita 460,000.

Breki huenda na injini
Mini Cooper ya mwaka 1961 ilipandishwa kutoka cc 848 hadi 997, na nguvu za farasi kutoka 34 hadi 55. Papo hapo magurudumu ya mbele yakapewa breki za diski. Sababu ni ya kihesabu: mwendo ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika huongezeka mara nne. Juu ya changarawe huwa mrefu zaidi.

Injini huja na ubongo wake
Unaponunua injini iliyotumika, dai pia kontroli boksi na waya zake zote. Kama gari ilikotoka lilikuwa na ufunguo wa chipu, dai na ufunguo. Bila huo injini inaweza kukataa kuwaka.

Kadi ya gari inaijua injini
Namba ya injini na cc zake zimeandikwa kwenye kadi, hivyo mabadiliko yafikishe TRA na kwa kampuni ya bima. Wakati wa kuliingiza gari nchini, cc ni kati ya mambo yanayopanga ushuru wa bidhaa.

Adui mkubwa ni vumbi
Mawe ya dhahabu yanayosagwa kwenye makarasha yana kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha silinda. Vumbi lake likipenya huikwaruza silinda na kuzila ringi, na injini hupoteza mgandamizo. Kwa hiyo mwambie fundi apime mgandamizo kwanza, kisha abadilishe ea klina iliyoziba. Huenda nguvu unayoitafuta ikarudi kwa gharama ndogo. Na ukiamua kuweka injini kubwa, iwekee ea klina mpya na uitunze, kwa maana vumbi lililoichosha ya kwanza litaichosha na ya pili.