Samatta, Lampard na somo kwa kinda wa mchangani: Jua silaha yako kwanza

MABAO matatu, viwanja vitatu vya England, ndani ya miezi minne tu.

La kwanza lilifungwa Anfield, Novemba 5, 2019, Genk ilipoikabili Liverpool kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. La pili lilikuwa Februari 1, 2020, Aston Villa ikiwa ugenini kwa Bournemouth. La tatu lilipatikana Wembley, Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Mfungaji ni yuleyule, Mbwana Samatta. Mechi zote tatu timu yake ililala 2-1, na mabao yote matatu aliyatupia kwa kichwa.

Yatafute uyaangalie tena. Hutaona chenga wala mbio za kutoka katikati ya uwanja huku mabeki wakiachwa chini. Anfield ni kona, Samatta anaruka juu kuliko waliomzunguka. Bournemouth mpira unazagaa karibu na goli, yeye anaufikia kabla ya wengine. Wembley ni krosi ya Anwar El Ghazi, jamaa anajirusha na kuusindikiza wavuni. Wakati mpira unafika, yeye ameshafika.

Hiyo ndiyo silaha yake. Anajua mpira utaangukia wapi na anawahi pale kabla ya beki hajashtuka. Silaha hiyo ndiyo iliyomtoa Mbagala, akapita African Lyon, Simba na TP Mazembe aliyobeba nayo Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, kisha Genk aliyotwaa nayo ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19.

KILA MTU ANATAKA KUWA WINGA

Sasa pita jioni kwenye uwanja wowote wa mchangani, Mbagala, Tandika au Manzese. Hesabu makinda wanaotaka kukipiga winga au namba 10. Halafu hesabu wanaotaka kuwa beki wa kulia au kiungo mkabaji. Hesabu ya pili itaisha kwenye vidole vya mkono mmoja.

Si dhambi kupenda chenga. Tatizo linakuja siku ya majaribio. Uwanjani kuna vijana kibao, kila mmoja anapewa dakika chache mbele ya kocha asiyemjua hata jina. Kinda mwenye nguvu za kukimbia dakika 90 na anayejua kupora mpira anaomba namba 10, kwa sababu huko ndiko wanakocheza mastaa anaowaona kwenye luninga. Anapiga chenga mbili, anapokwa mipira minne, anatolewa. Akirudi nyumbani anasema hana bahati.

Hakukosa bahati. Alichofanya ni kuonyesha kile asichokiweza na kukificha kile anachokiweza, na kocha hakupata nafasi ya kujua. Tunapoteza wachezaji wengi kwa staili hiyo, na hakuna anayewahesabu.

PIRLO ALIRUDISHWA NYUMA

Andrea Pirlo naye alianza kama namba 10. Mwanzoni mwa mwaka 2001 Inter Milan ilimpeleka Brescia kwa mkopo, na huko nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe, Roberto Baggio. Kocha Carlo Mazzone akamrudisha nyuma, acheze mbele ya mabeki.

Pirlo hakuwa na kasi wala misuli ya kugombana na viungo wa Serie A. Alikuwa na jicho na mguu wa kupiga pasi ndefu. Kule nyuma alipata nafasi na sekunde za kuutazama uwanja mzima. Akiwa na AC Milan alibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya 2003 na 2007, na katikati ya hapo, 2006, akawa bingwa wa dunia na Italia.

Mfikirie na N'Golo Kante. Akiwa kinda Ufaransa, klabu zilimkataa kwa sababu ya kimo chake. Hakuna zoezi la kuongeza kimo, hivyo alibaki na alichonacho, mapafu na akili ya kunusa pasi inakwenda wapi. Mapafu hayo yalimpa ubingwa wa England na Leicester City 2016, akaurudia na Chelsea 2017, kisha Kombe la Dunia 2018.

SEKUNDE MOJA YA LAMPARD

Lakini kujua silaha yako ni nusu ya kazi. Panga lisiponolewa linakuwa chuma tu. Hapa ndipo anapoingia Frank Lampard.

Lampard hakuwa na kasi ya kutisha na hakuwa fundi wa chenga. Alichokuwa nacho ni pumzi, shuti, na ujanja wa kuingia kwenye boksi kwa kuchelewa, mabeki wakiwa wameshamsahau. Alijiunga na Chelsea 2001 akitokea West Ham, na alipoondoka 2014 alikuwa ameifungia mabao 211. Hadi leo ndiye mfungaji bora wa muda wote wa klabu hiyo, na alikuwa kiungo, si straika.

Alifanyaje? Kwa vitu vidogo ambavyo jukwaani huwezi kuvishangilia.

Cha kwanza, alibaki uwanjani baada ya mazoezi kupiga mashuti ya ziada wakati wenzake wanakwenda kuoga. Cha pili ni kidogo zaidi. Kabla mpira haujamfikia aligeuza shingo na kuchungulia nyuma ya bega. Inasimuliwa kwamba baba yake, naye mchezaji wa zamani wa West Ham, alikuwa akimpigia kelele kutoka jukwaani kumkumbusha 'achukue picha' kabla ya kupokea mpira.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alikaa akahesabu. Katika utafiti alioutoa mwaka 2013, aliwafuatilia wachezaji 118 wa Ligi Kuu England, akitazama ni mara ngapi wanageuza kichwa kabla ya kupokea mpira. Lampard alikuwa kileleni. Na kwa ujumla, waliochungulia mara nyingi zaidi ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi.

Kugeuza shingo hakuhitaji viatu vya bei mbaya wala uwanja wa nyasi bandia. Ni sekunde moja. Lakini ukiifanya kila mpira, kila siku, tangu una miaka 12, ukifika 25 watu watasema una macho kisogoni.

HESABU YA MIPIRA 20

Chukua kinda wa kawaida mwenye shuti zuri. Kila akimaliza mazoezi anabaki dakika 10 na kupiga mipira 20 golini. Siku tano kwa wiki ni mipira 100. Kwa mwaka ni mipira 5,200. Mwenzake aliyekimbilia bodaboda kurudi nyumbani hana hata mmoja.

Siri ni kuanza na kidogo kiasi cha kuona aibu kukiacha. Anayejiapiza kupiga mipira 300 kila siku huchoka wiki ya pili. Pia uifunge tabia hiyo kwenye jambo unalolifanya tayari. Kocha akipuliza filimbi ya mwisho, wewe usivue viatu, chukua mpira.

Na utajuaje silaha yako? Waulize wanaokukaba. Beki wa timu pinzani hana sababu ya kukupamba, atakwambia ukweli nini kinamsumbua kwako. Muulize kocha swali moja tu: mechi ikiwa ngumu, ananiachia kazi gani? Jibu lake ndilo silaha yako, hata kama sivyo ulivyoota.

SI DAWA YA KILA KITU

Tuseme ukweli, haya hayamhakikishii mtu ustaa. Samatta mwenyewe baada ya bao la Wembley hakufunga tena akiwa na Villa. Ligi ilisimama kwa sababu ya corona, na ilivyorudi Villa ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Straika wa aina yake anaishi kwa krosi na pasi za mwisho, zisipokuja anaonekana hafai. Septemba mwaka huo akatimkia Fenerbahce ya Uturuki.

Hakubadilika kuwa winga wa chenga ili awafurahishe watu. Aliendelea kuwa Samatta, akapita Antwerp, akarudi Genk, na mwaka 2024 akabeba ubingwa wa Ugiriki akiwa na PAOK.

Kinda unayesoma hapa, majaribio yajayo ukiulizwa unacheza wapi, usitaje namba ya staa unayempenda. Taja ile ambayo mechi ikiwa ngumu wenzako wanakutafuta. Na leo jioni filimbi ya mwisho ikilia, baki na mipira 20.