Mchicha na Maji Yake

Mama wa Ng'ambo, mjini Unguja, anunuapo mchicha sokoni Darajani au Mwanakwerekwe, kwanza hulishika shina moja la fungu kwa kidole gumba na cha shahada, akalikunja; likikatika kwa mlio, fungu huingia kapuni, na likipindika likaacha nyuzi zikining'inia, hulirudisha, hata majani yawe mapana namna gani. Jaribio hilo ni la kitaalamu khasa, kwani shina lile limehifadhi khabari ya maji yote liliyonyweshwa tangu kuchipua.

Chipukizi hukua kwa kutanuka: chembe zake hujaa maji, na msukumo wa maji hayo huzivuta kuta zake zingali nyembamba. Maji yakikosekana siku mbili tatu, kutanuka husita lakini kukomaa hakusiti. Kuta hushupaa, mmea hukimbilia maua kabla ya wakati wake, na naitireti, ambazo mmea wenye kiu haukuwahi kuzigeuza kuwa protini, hulimbikizana majanini. Kuuchemsha mchicha na kuyamwaga maji yake ya kwanza hupunguza naitireti hizo pamoja na ukakasi. Nyuzi lakini haziondoki, na tui hata liwe zito vipi halizilainishi.

Hapa Unguja mtihani ni kiangazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Mkulima aghalabu huliacha tuta likauke, kisha akalifurikisha kwa ndoo kadhaa, akidhani amelipa deni. Ilhali shina lililokwisha kushupaa halirudi uchanga, na mizizi iliyozama hukosa hewa, majani yakawa manjano. Afadhali kopo lililotobolewa matundu, asubuhi na alasiri, kwa kiasi ambacho kidole kikichomekwa udongoni kinatoka na unyevu. Na kisima kilicho karibu na pwani kionjwe kwanza: chumvi huyazuia maji yasiingie mizizini, mmea ukaona kiu ndani ya tope.

Mchicha ung'olewe baina ya wiki ya tatu na ya nne tangu kupandwa, alfajiri, umande ungalipo, maana usiku kucha shina limejaza maji yaliyopotea mchana. Kuunyunyizia maji mezani sokoni hulisimamisha jani kwa saa chache tu. Nyuzi zilizokwisha kukaza shambani hubaki vile vile.