Cheti kifupi kwa muuza dawa wa Chebunyo

Wiki hii niko Chebunyo, kaunti ya Bomet, kwa shemeji yangu mwenye duka la dawa. Huku mtoto akishikwa na homa, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Diploma yake ya famasia haitoshi. Leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu ni ya mwaka mmoja, na kuipata upya lazima aonyeshe alama za masomo ya kujiendeleza. Ni haki. Aliyesoma zamani alifundishwa kutibu malaria kwa klorokwini. 1998 Kenya ikahamia Fansidar, na 2004 sera ikageuka tena, ikaja dawa mseto. Asiyerudi kusoma angeuza dawa ambayo vimelea vimeshaizoea.

Lakini semina ya mjini humfungia duka siku mbili, na mgonjwa hangoji. Hapo ndipo vyeti vifupi vinapofaa: somo moja la wiki chache, kwa simu, usiku akishafunga, kisha mtihani. Mwaka huu antibayotiki, mwakani kisukari.

Ila wako wanaoiacha video icheze huku wao wanapiga soga, na alama zinaingia. Wallahi hiyo si elimu. Mtihani uulize ya kaunta: mama ana shilingi hamsini, ataka vidonge vitatu tu vya amoksilini kwa mwanawe anayeharisha. Utamjibuje?

Nilimuuliza shemeji. Akasema zamani angemkatia vitatu. Siku hizi humpa ORS na zinki, na akiona damu kwenye choo humwambia aende zahanati.