Watoto walio Marekani waandike kipato halisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wazazi wenzangu. Mwaka 2019 mwanangu, ambaye ni raia wa Marekani, aliniombea nihamie kwake. Fomu I-864 ilimtaka aonyeshe kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko, kwa kuhesabu wote anaowatunza pamoja nami. Yeye akaandika mshahara uliobaki baada ya makato, akaonekana hatoshi. Kumbe hutakiwa kipato kabla ya kodi, kama kilivyo kwenye ritani. Tulichelewa miezi mingi.

Lakini mtu asitie chumvi. Udhamini huo ni mkataba. Asiyeutimiza aweza kushtakiwa. Ambaye kipato hakifiki atafute mdhamini mwenza.

Mzazi,
Mutuka, Babati.